Nilivyochanganya "seed" na "grain" Kasesya

Jamani, neno moja la Kiingereza nusura linirudishe Sumbawanga na ulezi wangu wote!

Leo asubuhi nimevuka mpaka pale Kasesya. Afisa wa upande wa Zambia akaniuliza nimebeba nini. Nikajibu kwa kujiamini: "Seeds!"

Kumbe nimejiharibia mwenyewe.

Akaniambia kwa Kiingereza kwamba mbegu zina kibali chake. Kama sina, nigeuze gari.

Nigeuze? Ulezi aliolima mama yangu kwa mgongo wake?

"Kaka, sirudi."

Kiingereza kikaniishia. Nikafungua gunia, nikachota ulezi, nikamweleza kwa Kifipa kwamba huu ni wa kusaga, si wa kupanda.

Akanitazama, kisha akacheka. Kumbe ni Mmambwe, na Kimambwe na Kifipa vinakaribiana, tunaelewana kabisa!

"Mama, seed ni ya kupanda. Ya kula inaitwa grain."

Kisha akakunja uso, akauliza upya kana kwamba ndiyo kwanza nimefika: "Umebeba nini?"

Nikapaza sauti, foleni nzima ikageuka: "GRAIN!"

Nikampa cheti changu cha kuvusha nafaka, kikagongwa muhuri, nikapita.

Haya, wewe Kiingereza kilikukwamisha wapi? Sema, nisichekwe peke yangu.