Nukta Zilizohama

Dada yangu huchora mitandao ya mabomba katika idara ya maji: nukta ni valvu, mstari ni bomba. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuufanya mchoro usomeke, na adui yake ni mistari inayokatana. Kazini wanamwita Mama Nukta.

Programu yake huanza kwa kuzitawanya nukta ovyo, kisha huzifanya zisukumane kama mawifi waliogombana, huku mistari ikizivuta zisiachane. Zikitulia, mchoro umeiva. Ukibonyeza tena unapata mwingine: mabomba ni yaleyale, nukta zimehama.

Asubuhi ile majitaka yaliingia katika bomba la mtaa anaokaa mama yetu. Dada akawachapia mafundi mchoro, wakaondoka mbio. Alipobaki peke yake aliona mistari minne imekatana vibaya. Akabonyeza tena, ipungue. Mazoea yana tabu.

Fundi mkuu akapiga simu.

"Mama Nukta, vibao vya namba huku vimeliwa na kutu. Tufunge ipi?"

"Ya juu kulia, kaka. Yenye mistari mitatu."

"Haya. Ila leo umetuchorea buibui mlevi."

"Wewe funga, utani baadaye."

Mchoro mpya uliokuwa mbele yake kwenye kompyuta ulikuwa safi, hauna buibui wala utando. Hilo halikumgutua. Fundi alihesabu kwenye karatasi ya asubuhi, akafunga valvu ya mtaa mwingine.

Dada akampigia mama. "Wameshafunga, mama. Yaache maji yamwagike kidogo, kisha tumia tu."

Kosa lilijulikana baada ya saa tatu. Mama alikuwa ameshakunywa.

Leo ni siku ya tano wodini. Daktari anasema figo, halafu anatazama dirishani. Dada ameshika karatasi mbili, ya mafundi na ya mchoro wake wa pili, kidole kikitoka nukta hii kwenda ile.

"Hebu angalia, wewe uliyesoma. Si ni mabomba yaleyale?"

"Ni yaleyale, dada."

"Basi nilikuwa natafuta nini?"

Nikazichukua karatasi zote mbili, nikazikunja.

Jioni mama alifumbua macho, akaomba maji. Dada akajaza bilauri kutoka kwenye chupa niliyokuja nayo, akasimama nayo kando ya kitanda, asiweze kuisogeza.

"Nipe, mwanangu," mama akasema. "Si ulisema wameshafunga?"

Nikaichukua bilauri mkononi mwake, nikamnywesha mimi.