Kijani cha Pikipiki ya Papa Floribert

Kabla ya kupaka rangi, Elisée Ngoie humwagia sakafu maji. Huchukua kikombe cha plastiki, akazunguka kibanda chake polepole kama mtu anayebariki nyumba, na matone yakishatulia juu ya saruji husimama mlangoni akingoja hewa inyamaze. Kwetu Ruashi, hapa Lubumbashi, wakati wa kiangazi, hewa hainyamazi kwa urahisi. Malori ya mgodi hupita, upepo wa Julai hupita, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya kopo la chumvi. Juu ya gari la kweli, punje moja ya vumbi si kitu. Juu ya gari linalokaa kwenye kiganja cha mkono, punje hiyo ni jiwe la kujikwaa.

Magari na pikipiki za Elisée hukaa kwenye kiganja. Bati la kopo la maziwa ya unga hugeuka milango na madigadi. Waya wa shaba uliotolewa ndani ya mota zilizoungua hugeuka fremu: kwanza huulaza juu ya makala, yaani mkaa unaowaka, mpaka uwe mwekundu, kisha huuzamisha majini, na hapo shaba hukubali kupindwa kama uzi. Spoki za magurudumu ni nyuzi nyembamba za ndani ya waya wa umeme, ambazo huzifuma moja moja kati ya misumari aliyoipanga duara juu ya kibao. Ekzosi huivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akiisugua kwa ukucha hadi ishike kila mkunjo. Ukiitazama asubuhi, utaapa kwamba ina joto.

Mchana Elisée ni mpaka rangi katika gereji moja kando ya barabara iendayo Luano. Sifa yake huko ni moja: kuziba mkwaruzo usionekane. Mtu huleta gari lenye mlango uliochubuka, naye huchanganya rangi, huionja kwa jicho kivulini na juani, huongeza tone la nyeusi, tone la njano, hadi ya zamani na mpya ziwe kitu kimoja. Mwenye gari hupitisha kidole juu ya mlango akitafuta mahali palipokuwa na kidonda, na hapaoni. Siku kama hiyo Elisée hurudi nyumbani akiimba kimoyomoyo.

Jephté, fundi wa injini katika gereji hiyohiyo, anayemwita vieux, yaani mzee, hamwachi apumzike.

"Vieux Elisée, leo unabeba nini ku mufuko? Gari ya nani hii?"

"Ya kwangu."

"Iko ya panya! Na ule panya iko na permis?"

"Iko nayo kukushinda."

Wenzao hucheka, na Elisée hucheka pia, kwa sababu ni kweli kwamba Jephté huendesha magari ya wateja bila leseni. Lakini jioni, akiwa peke yake kibandani, hacheki. Hapo humjia jambo ambalo hajapata kumweleza mtu yeyote vizuri. Akiinama muda mrefu juu ya pikipiki ndogo, meza hupanuka. Mikwaruzo ya ubao hugeuka barabara, kivuli cha kopo hugeuka kivuli cha ghala, na yeye mwenyewe anakuwa mdogo kiasi cha kuweza kupanda. Husikia injini kwa mbali, injini isiyokuwapo. Akiinua kichwa, kibanda kinamrudia kikiwa kikubwa na kigeni, na inambidi asubiri kidogo kabla ya kukumbuka mlango uko wapi.

Mama yake, Mama Agnès, aliishi naye katika uwanja huohuo wenye kibanda, na kwa miaka mingi aliiita kazi hiyo michezo. Alikuwa mjane wa Papa Floribert, mfanyakazi wa reli aliyekuja Lubumbashi kutoka Kongolo akiwa kijana, akafa kwa homa Elisée akiwa bado shuleni. Mwaka huu Mama Agnès alitangaza kwamba anarudi Kongolo kuishi na mdogo wake. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba mifupa yake inauliza habari za mto wa kwao. Vitambaa vilikunjwa, majirani walikuja kuaga, na ikabaki kungoja treni.

Siku moja, akichambua mchele, alimwita mwanawe.

"Elisée, weye unafanyaka moto za bantu bote. Ya baba yako haukufanya hata siku moya."

Moto ni pikipiki. Kwetu neno hilo la Kifaransa ndilo tulilozoea, na ndiyo yetu huwa njo.

"Mama, si unasemaka iko michezo ya batoto?"

"Njo michezo. Lakini nataka kwenda na ile moya." Aliendelea kuchambua mchele. "Nisipoona kama njo yenyewe, sitaibeba. Siwezi kubeba moto ya mutu ingine mpaka Kongolo."

Elisée aliingia kibandani akaketi bila kushika chombo. Mama yake hakuwa amewahi kumwomba kitu alichokitengeneza. Alijua kwamba baada ya treni hiyo huenda wasionane tena, ingawa hakuna aliyelisema nyumbani. Alitaka mama aondoke na kitu kimoja kilichotoka mikononi mwa mwanawe, akijue kuwa ni chenyewe.

Umbo halikumsumbua. Palikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, Papa Floribert akiwa amesimama kando ya pikipiki yake, mkono juu ya kiti kana kwamba ni bega la rafiki. Kwa picha hiyo Elisée alipima kila kitu: gurudumu kwa tangi, tangi kwa gidoni, yaani usukani. Tangi alilichonga kwa mti mlaini, akalifunika mastiki ya kuziba matundu, akalisugua kwa msasa na maji mpaka likateleza kama mbegu ya parachichi.

Rangi ndiyo iliyokuwa fahari yake. Pikipiki yenyewe iliuzwa baada ya mazishi, lakini kifuniko chake kimoja cha ubavuni kilibaki nyumbani, kwa kuwa siku ile kilikuwa kimefunguliwa kutengenezwa. Jua lilikuwa limekipausha. Elisée alibandua kibandiko cha jina la kiwanda, na chini yake, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, palikuwa na kijani cha asili, kijani kizito cha chupa. Alikipeleka gereji. Alichanganya kwa siku kadhaa wakati wa mapumziko, hadi alipoweka tone juu ya kifuniko na tone likapotea.

"Umepata?" Jephté aliuliza.

"Tafuta tone iko wapi."

Jephté alitafuta, akakigeuza kifuniko kwenye mwanga, akapiga mluzi. "Vieux, weye unaweza kudanganya mpaka malaika."

Akapaka tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, kwa pistole ndogo ya kunyunyizia rangi, inayopuliziwa hewa na mota ya friji kuukuu. Sakafu ilikuwa na maji, hewa ilikuwa imenyamaza. Hapakuwa na hata punje moja.

Mama Agnès aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaisogeza karibu na macho, akagusa kiti kwa kidole.

"Iko muzuri," alisema. "Gidoni njo ile. Kiti njo ile." Kisha aliishusha polepole, kwa namna ambayo Elisée aliifahamu tangu utotoni. "Lakini haiko ya baba yako."

"Mama! Rangi imetoka ku kipande chake mwenyewe!"

"Ninasikia. Lakini hii inakuya usiku. Ile ya baba yako ilikuwa inakuya na jua."

"Rangi iko ileile, mama. Ileile kabisa."

"Labda. Miye sikuonaka ile moto karibu, mwanangu. Nilikuwa naiona kule, ku mwisho wa avenue." Alinyoosha kidevu kuelekea langoni. "Ikifika karibu, nilikuwa namwangalia yeye."

Akamrudishia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliingia ndani akaendelea kufunga mizigo.

Jioni iliyofuata Elisée hakuingia kibandani. Alitoka akasimama langoni, mahali mama yake alipokuwa akisimama zamani, akatazama mwisho wa barabara. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba mpya za matofali ambazo hazijaezekwa. Moshi wa makala ulining'inia chini, vumbi nalo lilikuwa limejaa mwanga, hivi kwamba barabara nzima ilionekana kama kitu kilichowekwa nyuma ya pazia la chandarua. Manseba mmoja, mmoja wa wale vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki, alitokea kule mwisho. Pikipiki yake ilikuwa ya rangi ya upande wa chini wa jani, nyepesi, karibu iyeyuke. Ikaja. Kila ilipokaribia rangi yake ilizidi kukolea, na ilipopita mbele yake alishangaa: ilikuwa kijani kizito, karibu na nyeusi.

Alingoja ya pili, na gari la bluu, na lori. Yote yalifanya vivyo hivyo. Yakiwa mbali, rangi yake ilikuwa kama imetiwa maziwa.

Jephté, ambaye naye anakaa Ruashi, alimkuta hapo.

"Unangoyea nani, vieux? Mama yako amekufukuza?"

"Nangoyea rangi."

"Ee Mungu. Tina ya kuchanganya rangi imepanda ku kichwa."

Elisée aliendelea kutazama barabara. Sasa alielewa kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa gereji. Maisha yake yote alikuwa amefundisha jicho lake kulinganisha rangi kwa karibu, pua ikigusa bati. Lakini pikipiki iliyo ndogo kama kiganja si pikipiki iliyopungua. Ni pikipiki iliyo mbali. Kuitazama ni kutazama mwisho wa barabara. Ukiipa rangi ya karibu, jicho halijui lisimame wapi.

Kusugua ile rangi kulimwia vigumu. Mkono ulikuwa ukikataa kuharibu kitu kilichokuwa sahihi. Aliisugua hivyo hivyo, kwa msasa na maji, na maji ya kijani yakatiririka juu ya meza hadi sakafuni. Kisha alichanganya upya. Kwenye kijani cha chupa aliongeza nyeupe, kidogo, halafu kidogo tena, na kila mchanganyiko akaupaka juu ya mgongo wa kijiko cha plastiki. Vijiko alivipanga juu ya ukuta wa uwanja, akavitazama kutoka mlango wa jiko, akafumba macho, akavitazama tena.

"Vijiko vya nani vinaanikwa pale?" Mama Agnès aliuliza kutoka ndani.

"Vya kwangu, mama."

"Na supu iko wapi?"

Mara hii hakuacha rangi ing'ae sana. Mng'ao nao, alifikiri, hupotea njiani. Aliipaka varnishi isiyong'aa kama kioo, na kabla haijakauka alifanya jambo ambalo mwaka mzima huwa analikimbia: alichota vumbi la barabara, akalichuja kwa kitambaa cha soksi nyembamba hadi likawa laini kama poda, akalipuliza juu ya madigadi na tairi. Vumbi likatua bila sauti. Elisée alishusha pumzi polepole, na meza ikaanza kupanuka.

Habari zikaja kwamba treni ingeondoka Alhamisi. Jumatano jioni hakumpelekea mama yake kitu mkononi. Alikwenda kuiweka pikipiki juu ya ukuta, upande wa lango, jua likiwa nyuma yake, akarudi kukaa kwenye kigoda kando ya jiko kana kwamba anapumzika. Alijua kwamba hakukuwa na wakati wa kuisugua tena.

Mama Agnès alitoka na beseni la maji machafu. Alilimwaga chini ya mpapai, akanyoosha mgongo, na macho yake yakafika ukutani. Alibaki vile, beseni likiwa limeegemea nyonga. Kuku alipita karibu na miguu yake, hakumfukuza. Sauti za barabarani zilikuwa zikija na kuondoka. Kwa muda uwanja ule mdogo ulikuwa mrefu, mrefu kuliko avenue yote.

"Angalia vile anakuya," alisema kwa sauti ndogo. "Hana haraka."

Elisée hakuthubutu kusogea.

Kisha mama yake alicheka, akajifuta uso kwa pembe ya kitambaa. Alivuka uwanja, hatua kwa hatua, akaichukua kutoka ukutani, akapitisha kidole juu ya madigadi. Kidole kikatoka chekundu.

"Na hii?"

"Vumbi, mama. Ya ku avenue."

"Vumbi! Miaka yote nilifula ile vumbi ku mashati ya baba yako, sasa unanipa ingine nibebe mpaka Kongolo?"

"Naweza kuitosha, niipanguse. Dakika moya tu."

"Ukiigusa, tutagombana."

Aliingia nayo ndani. Sanduku lake lilikuwa limekwisha kufungwa kwa kamba. Aliifungua kamba, akaondoa sufuria kubwa ya alumini iliyokuwa imekaa katikati ya vitenge, akamkabidhi mwanawe.

"Chukua hii. Mudogo wangu iko na masufuria."

Katika nafasi ile tupu akatandika kitenge, akailaza pikipiki taratibu, tairi chini, kama inavyosimama barabarani.