Kinu Kilichogonga Chini ya Sakafu

Juzi binti yangu alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, anaangalia katuni kwenye telefone yangu, nami nikiwa jikoni nasonga bukari. Nikasikia filimbi, kisha watoto wakiimba kwa Kifaransa, kisha gurudumu la kinu likigonga mtoni: to, to, to. Mwiko ulinitoka mkononi. Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimeshamnyanyua mtoto kutoka sakafuni na kumweka juu ya meza, kama mtu anayeokoa gunia la unga maji yakiingia nyumbani. Alinitazama, akacheka, akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Yeye bado mdogo. Wewe ni mtu mzima mwenzangu, wewe nitakueleza.

Katuni yenyewe ni ya zamani. Waliichora Wajapani, picha moja baada ya nyingine kwa mkono, na hadithi waliitoa katika kitabu cha watoto ambacho Wazungu walikisoma tangu enzi za mababu zao. Mwalimu wetu wa shule ya msingi ndiye aliyetuambia hivyo, na sisi hatukumwamini, kwa sababu kitabu tulichokijua kilikuwa cha hesabu. Inamhusu msichana anayeishi kwenye kinu cha ngano kando ya mto, pamoja na mdogo wake mwenye kikohozi. Baba yao amekwenda mbali kutafuta kazi na hakuna habari zake. Baridi inakaribia. Ni hayo tu.

Lakini jinsi walivyoichora! Hawakuwa na haraka. Walikuonyesha msichana akikata mkate, mvuke ukipanda kutoka kwenye supu, theluji ikiangukia dirisha mpaka kioo chote kinakuwa cheupe. Na usiku ule mtu asiyejulikana alipobisha mlango, walikuonyesha mkono wa msichana juu ya komeo, ukikaa pale, ukikaa, mpaka wewe mwenyewe ulijisikia mkono umekufa ganzi. Katuni za leo zinaogopesha kwa kelele. Ile iliogopesha kwa kunyamaza. Ilimwacha mtoto aogope mpaka mwisho wa woga wake, na hakuna aliyemcheka. Mimi niliipenda kwa sababu hiyo, maana wakati ule nilikuwa mwoga, na kwetu mwoga alichekwa.

Niliishi kwa nkambo, mama yake mama, upande wa Kolwezi unaotokea barabara ya Mutoshi. Wazazi wangu walikuwa Sandoa wakilima, wakanituma mjini nisome. Asubuhi nilifagia lupango, yaani uwanja wetu, nikachota maji, nikapepea makaa kwenye mbabula mpaka yawe mekundu. Nkambo alikaanga mikate ya mafuta ya kuuza, na harufu yake ilishika nguo zangu mpaka darasani. Jioni alitwanga sombe, majani ya mihogo, na kinu chake cha mbao kilijibizana na vinu vya jirani, huku na huku, mtaa mzima ukigonga kama moyo. Wakati huo nilikuwa sijaanza kuziogopa sauti za kugonga.

Nilichoogopa ni udongo. Watu wazima hawakutuambia lolote, lakini tulijua. Wanaume waliokuwa wakienda Mutoshi kuchimba kobalti walikuwa wameanza kuchimba hapo hapo mtaani, ndani ya viwanja vyao, nyuma ya mabati. Ilikatazwa, kwa hiyo ilifanyika kimyakimya. Ungepita mahali ukakuta udongo mpya umemwagwa barabarani, mwekundu na mbichi, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Nkambo akiuona aligeuza uso na kusema, "Udongo haikatalake mutu." Alisema hivyo kila mara, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Televizyo ilikuwa kwa mama jirani. Babu yake aliletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi kwenye mgodi, baba yake akawa karani, naye akasomeshwa na masista, kwa hiyo Kifaransa chake kilikuwa safi. Alikuwa na katuni ile kwenye diski, zimepangwa ndani ya boksi la biskuti. Saa kumi alasiri alituita, watoto wa pande zote, tukakaa sakafuni juu ya mkeka. Yeye alikaa nyuma yetu kwenye kiti na kututafsiria. Hakutafsiri kama mwalimu. Msichana akilia, sauti ya mama jirani ililia. Mpaka leo nikimwona msichana yule akifungua mdomo, nasikia Kiswahili cha Kolwezi.

Mume wake, tata jirani, tulimwona kwa nadra. Alikuwa fundi wa karakana mpaka kazi ikaisha, na sasa ilisemekana anauza vipuri vya pikipiki. Nilishangaa muuza vipuri kuwa na udongo masikioni. Mlango wa chumba chao cha kulala ulifunikwa blanketi zito, limepigiliwa misumari juu, nasi tulikatazwa hata kuegemea ukuta wa upande ule. Na mama jirani alipenda kufungua sauti mpaka juu. Gurudumu la kinu lilipogonga, to, to, to, tulilisikia mpaka tumboni.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya hadithi. Picha ikajikunja, ikafa. Chumba kikawa kimya, na watoto tukaguna pamoja kama kawaida.

Lakini kinu kiliendelea kugonga.

Kiligonga taratibu, mbali kidogo, chini ya mkeka. Watoto wengine walikuwa wanabishana kuhusu hadithi na hawakusikia. Mimi nilikuwa nimeweka nyayo tupu sakafuni. Niligeuka nikamtazama mama jirani, na nikakuta ananitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ni bantu banatwanga mihogo," alisema. "Mwende kwenu, batoto. Mutarudia umeme ikikuya."

Nilirudi nyumbani nikikanyaga kama mtu anayepita juu ya mayai. Nkambo alikuwa anachambua sombe. Nilipomweleza, hakuinua kichwa, ila mikono yake ilisimama.

"Ulisikia kwa masikio ao kwa miguu?"

"Kwa miguu, nkambo."

Aliweka majani chini, akajifunga kitenge vizuri, akavuka uzio. Nilimfuata nikajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mwanzoni mama jirani alikana. Akasema mtoto ameota. Nkambo hakubishana, alisimama tu pale akimngoja, na baada ya muda mama jirani akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kueleza yote kwa sauti ndogo. Mume wake na mwenzake walikuwa wamechimba ndani ya chumba cha kulala, tangu kiangazi kianze. Walishuka asubuhi na kupanda jioni. Yeye alipewa kazi ya kufungua televizyo ili wapita njia wasisikie nyundo.

"Na batoto yetu unabaitia nini humu?" nkambo aliuliza.

Mama jirani alilia sasa. "Mi nikibakia mwenyewe mu hii nyumba, nasikia kila pigo. Batoto bakiwa pale, niko nabatafsiria, nasahau."

Nilidhani nkambo atampiga. Badala yake alisema maneno ambayo sijayasahau. "Woga ni yako. Batoto ni ya benyewe." Akaongeza kwamba kuanzia kesho televizyo itakaa kwake, na mama jirani atakuja kukaa nayo.

Ndivyo ilivyokuwa. Waliibeba wawili, wakaiweka juu ya kabati la nkambo, na kwa kuwa kwetu umeme ulikuwa umeshakatwa, walivuta waya mrefu kutoka dirisha la mama jirani, ukapita juu ya uzio mpaka dirishani kwetu. Nkambo alitukaangia mikate. Watoto walifurahi kwa sababu ya mikate, na mimi nilifurahi kwa sababu ya sakafu. Sakafu ya nkambo ilikuwa ya saruji ya zamani, nyeusi kwa kusuguliwa, na niliiamini kama nilivyomwamini yeye. Kwa majuma machache niliitazama katuni ile nikiwa na woga wa hadithi tu, ule woga mtamu ambao ukitoka nje na kuona jua unakwisha.

Mama jirani, hata hivyo, alizidi kukonda. Alitafsiri huku akitazama waya dirishani.

Kisha mvua za kwanza zikaja. Zilinyesha usiku kucha na asubuhi, zikakoma mchana, na udongo wote ukawa na harufu ya chuma. Baadaye nilijua kwamba asubuhi ile mama jirani alimsihi mumewe asishuke, naye akamjibu kwamba maji yakijaa watapoteza kazi yote ya kiangazi. Akashuka, na mwenzake akashuka.

Alasiri tulikaa kwa nkambo. Ilikuwa sehemu ile ambayo mto wa kwenye hadithi umefurika na msichana anajaribu kumtoa mdogo wake kinuni. Ameshika mkono wake. Maji yako kiunoni. Mama jirani alikuwa anasema, kwa sauti ya msichana, "Usiniachie," na hapo waya ukakazika dirishani, ukavuta, televizyo ikasogea juu ya kabati kana kwamba mtu anaikokota, na picha ikafa. Tukasikia nje mngurumo mfupi, mzito, kama lori linapomwaga mawe. Baada ya hapo hapakuwa na sauti kabisa.

Hatukulia. Tulimgeukia mama jirani, nafikiri tulingoja atutafsirie. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Kupitia dirishani niliona paa la nyumba yake limeinama upande mmoja, na pale palipokuwa na chumba cha kulala palikuwa na vumbi jekundu linalopanda polepole.

Nkambo alitutoa wote nje, mmoja mmoja, akitushika kichwani kila tulipopita mlangoni. Wanaume walikuja wakikimbia na makoleo, lakini ukingo wa shimo uliendelea kumeguka na hakuna aliyeweza kusogea. Mama jirani alikuwa amekaa kwenye tope, haiti jina la mumewe, halii. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa jikoni kwetu, kwa nje, miguu mitupu.

Nikasikia. To. Kimya. To, to.

Nilitaka kukimbia. Niapie nini ili uniamini? Mwili wangu wote ulitaka kukimbilia barabarani na usisimame mpaka Sandoa. Nilimvuta nkambo kitenge. Alivua viatu, akaingia jikoni, akasimama karibu na mbabula. Uso wake ukabadilika. Hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba shimo halikuishia kwa jirani. Walikuwa wamefuata mawe ya kobalti kwa upande, chini ya uzio, mpaka chini yetu, na majuma yote yale, mkeka wetu, mikate yetu na televizyo vilikuwa vimekaa juu ya hewa.

Nkambo aliwaita wanaume, akawaambia wapasue. Mmoja alisita, akasema nyumba inaweza kwenda yote. Nkambo mwenyewe akachukua mchi wa sombe na kupiga sakafu yake. Basi wakapasua. Walichimba wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, wanaume wengine wakishika kamba nje ya mlango. Jua lilikuwa linashuka walipomtoa tata jirani. Alikuwa mwekundu mwili mzima kama tofali bichi, macho tu ndiyo meupe. Mama jirani alimshika uso kwa mikono miwili. Yeye hakumtazama. Alitazama shimo.

"Kuko mutu nyuma yangu," alisema.

Walingoja. Waliita. Walishusha kamba na taa. Hakuna aliyegonga tena, na mwenzake hakutoka.

Hatukulala katika nyumba ile hata usiku mmoja. Nkambo alinirudisha Sandoa kwa mama, naye mwenyewe akabaki nasi huko mpaka alipofariki. Tata jirani alipona mwili, ila nilisikia kwamba hakuweza tena kukaa chini ya paa, na walihamia upande wa Kasai, kwa ndugu ambao hata mkewe hakuwahi kuwaona. Diski zilibaki chini. Mwisho wa hadithi nimeuona juzi, na binti yangu akiwa mapajani. Ni mwisho mzuri, umechorwa kwa subira ileile. Lakini ulikuwa wa Kifaransa kitupu. Nilijaribu kumtafsiria mtoto, nikasikia sauti yangu haitoshi.

Mwaka jana nilipita Kolwezi kwa kazi, nikamwomba dereva wa pikipiki anipeleke mtaani. Mtaa haupo. Kuna ukuta mrefu, na nyuma yake mashine zinachimba mchana kweupe, bila aibu, na malori yanatoka yamefunikwa. Hakuna lupango, hakuna uzio, hakuna mtu anayetwanga. Niliufuata ukuta mpaka kwenye lango nikijaribu kupima kwa macho, kutoka kwenye bonde, kutoka kwenye kona ya barabara, mpaka nikapata palipokuwa jikoni kwetu. Mlinzi wa makamo alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani. Aliniuliza natafuta nini. Nilimwambia natafuta mahali nilipokulia.

"Hapa hapakuwa bantu, mama," alisema kwa upole.

Sikubishana naye. Nilimsalimu, nikamwomba jambo moja tu: asogeze kiti chake kidogo, upande wa barabara. Alinitazama, akaona kwamba sitanii, akainuka na kukisogeza.