Ilimba ya Mjomba na Kinanda cha Kanisa

Juzi nilipeleka kinanda cha kanisa letu kwa fundi mmoja wa Kizota, kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, nikatoka huko sina hata hamu ya kula. Fundi alikuwa mwongeaji. Alikifungua, akapuliza vumbi, akanieleza kwamba ndani ya kinanda karibu kila sauti imesogezwa kidogo kutoka mahali pake pa asili, makusudi kabisa, ili mpigaji aanzie wimbo popote apendapo. "Ukitaka sauti zinazopatana zenyewe, mama," akasema, "ziko kwenye ilimba za wazee wetu wa Kigogo." Nikaitikia tu kama mtu anayesikia habari za mvua. Ngoja nikusimulie wewe, maana sijawahi kumweleza mtu.

Nililelewa na mjomba, upande wa Mvumi. Alikuwa na ng'ombe wachache na ilimba aliyoachiwa na baba yake, kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Jioni, mlenda ukichemka na mimi nikipepeta uwele, alikaa kwenye kigoda akapiga, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku ukawa unavuma. Aliimba taratibu, na sauti yake na ya chuma zilikaa pamoja hata huwezi kuzitenganisha. Sijasikia tena kitu cha namna ile.

Lakini mimi, bwana, nilikuwa nimeshakuwa mtu mkubwa. Darasa la sita, mpiga kinanda wa kwaya! Mwalimu wa kwaya alikuwa akinisifu kwamba nina sikio, na kichwa kilinivimba. Ilipokaribia sikukuu ya mavuno, mjomba aliombwa aimbe kanisani pamoja nasi. Mwalimu akaja nyumbani kumsikiliza, kisha akanivuta pembeni: ndimi tatu ziko chini, hazifuati kinanda, na zikibaki hivyo mzee hatasimama mbele ya watu. Wakati huo mjomba alikuwa ameshafua shati lake jeupe mara mbili.

Jumamosi, alipopeleka ng'ombe kunywa maji, niliiviringisha ilimba kwenye kanga nikaenda nayo kanisani, kwa kuwa zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Nikakanyaga kinanda, nikabonyeza sauti moja, nikagonga ulimi wa chuma kwa jiwe, ukaingia ndani kidogo kidogo mpaka ukalingana nayo. Ndimi zote tatu. Nikairudisha ilimba kwenye msumari wake, na nakuambia ukweli, nilijiona nimemwokoa.

Kesho yake mjomba alisimama mbele, shati linang'aa. Akaanza. Sauti yake ikaenda kulekule ilikozoea, na chuma hakikuwepo. Akakatisha, akaanza upya, akakatisha tena. Watoto wa mabenchi ya mbele wakacheka. Akasema kwa upole kwamba ilimba haisikiki kama yake, na hajaigusa tangu juzi. Mwalimu akaniagiza nibonyeze zile sauti moja moja, naye mjomba apige ndimi zake. Zikalingana zote.

"Unasikia, mzee? Vyombo vyote viwili vinakubaliana. Sauti yako ndiyo imeshuka."

Mjomba akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesifiwa sikio.

"Eti ni kweli, mwanangu?"

Nikasema ndiyo.

Alirudi kukaa kwenye benchi, na hakupiga tena. Ilimba ikabaki ukutani mpaka ule utando ukakauka na kupasuka. Wageni wakimwomba awapigie, aliwaambia masikio yake yamekufa mapema. Mara yangu ya mwisho kumtembelea, mwanangu wa kiume alimwomba pia, akapewa jibu hilohilo pamoja na kicheko. Mimi nilikuwa palepale, nakoroga sukari iliyokwishayeyuka zamani. Niliona haya kusema kweli mbele ya mtoto. Tulimzika kabla ya mvua za mwaka ule.

Ilimba ninayo. Jana niliishusha kabatini nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kwenye kila ulimi kati ya zile tatu kuna mstari wa mkwaruzo, unaoonyesha ulipokuwa umekaa tangu enzi za baba yake. Mstari huo ulikuwepo siku zote, unaonekana hata bila miwani. Nilichukua jiwe nikazirudisha ndimi zote tatu mahali pake. Chai niliyokuwa nimeinjika jikoni ilikuwa bado haijachemka.