Talaka Tisa za Lebe Wasduki

Wasduki alikuwa lebe wa kijiji chetu kwa miaka kumi na tisa. Lebe ndiye anayeandikisha ndoa, anayesoma dua mazikoni, na anayemwandikia barua mtu anayetaka kwenda mahakama ya dini mjini Indramayu kuvunja ndoa yake. Ni kazi ya kawaida tu, lakini mpe mtu mdogo muhuri umwone anavyovimba. Alipita barabarani na kofia yake nyeusi, mkoba kwapani, akisubiri kusalimiwa. Asiposalimiwa, alikohoa.

Mimi napamba maharusi hapa tangu nina miaka ishirini, kwa hiyo nimesimama karibu naye kwenye harusi nyingi mno. Kwetu watu huoana mpunga ukishavunwa na huachana kiangazi. Wapo wanawake niliowapamba mara tatu, vipimo vya nguo zao navijua kwa kichwa. Wanakwenda Taiwan au Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, wanatuma pesa, na wanaume wao wanabaki hapa kulea majogoo ya kupiganisha. Wakirudi wanakuta jogoo kanenepa, mtoto kakonda. Wanadai talaka. Sijawahi kuona ajabu yoyote hapo.

Mwaka mmoja tarafa ikatangaza shindano la kila mwaka la kijiji chenye familia tulivu. Zawadi ilikuwa kibao cha shaba na ziara ya mkuu wa tarafa. Sisi tulikuwa wa mwisho kabisa: talaka sitini na moja kwa mwaka mmoja. Kuwu, mkuu wetu wa kijiji, aliona aibu kubwa, akamwita Wasduki na kumwambia azishushe hizo namba. Hakusema azishushe vipi. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini wanawake wanaondoka. Wasduki aliacha kuandika barua, basi.

Mwanamke akienda kwake, alimkaribisha barazani, akamsikiliza huku akitikisa kichwa kama daktari, akamwambia astahimili na arudi baada ya siku arobaini. Akirudi, aliambiwa arobaini nyingine. Na kila aliyechoka kurudi, Wasduki alimwandika kwenye daftari: wamepatana. Sote tuliamini kwamba bila barua yake mahakama haikupokei. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuaminisha.

Watu hawakuacha kuachana. Waliachana bila karatasi, wakaoana tena kwa siri na wengine, na watoto wao wakakosa vyeti vya kuzaliwa. Niliwapamba hao pia, vyumba vya nyuma, bila muziki, na ujira wangu nilipokea. Sijitoi. Lakini pale ofisini pakatundikwa ubao wa buluu wa namba za talaka, nazo mwaka hadi mwaka zikashuka hadi thelathini, hadi kumi na saba, hadi tisa. Kila asubuhi Wasduki aliufuta vumbi kwa leso yake.

Mkewe aliitwa Warniti. Mwanamke mpole, mkaanga vikaki, vile vikate vyembamba vya uduvi, ambaye kwa miaka yote ile alipeleka chai barazani na kurudi nyuma ya pazia. Alisikia kila kitu. Yeye mwenyewe alikuwa na lake: Wasduki alikuwa ameoa mke wa pili kijiji cha pili, ndoa ya siri, na Warniti alipomuuliza alijibiwa kwamba kitu kisichokuwa daftarini hakipo.

Kilichomtoa nyuma ya pazia ni mambo ya Turinih. Huyu alirudi kutoka Taiwan akakuta mumewe ameuza pikipiki na jokofu, na alipouliza akapigwa. Wasduki alimwambia arudi nyumbani, apike bata wa pilipili, mume akishiba atatulia. Turinih akaenda akapika. Baada ya wiki alirudi barazani, mkono umefungwa kwenye kanga, umevunjika kifundo.

"Pak Lebe, nipe hiyo barua," alisema.

"Arobaini yako haijatimia," Wasduki akamjibu, na chai akaimalizia.

Warniti alisimama na sinia mkononi. Jioni ile, mume alipokwenda msikitini, alifungua daftari. Jina la Turinih lilikuwa limeandikwa tangu siku ile ya kwanza: wamepatana.

Kesho yake alikuja kwangu. Nilikuwa nakwenda mjini kwa pikipiki kununua poda na maua ya bandia.

"Bi Karsem, nipakie," alisema. "Nina swali moja tu la kuuliza huko."

Swali lenyewe aliliuliza kwenye dirisha la mahakama, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika helmeti mbili. Msichana wa mapokezi alimuuliza kama ana kitabu cha ndoa na kitambulisho. Warniti akasema anavyo, ila barua ya lebe hana, lebe mwenyewe ni mumewe.

"Barua ya lebe ya nini, Bu?" msichana akasema. "Ukiwa na kitabu chako inatosha. Chukua fomu, kaa pale ujaze."

Warniti alikaa kwenye benchi, fomu mapajani. Hakuandika. Nikadhani ameingiwa na woga.

"Miaka minne, Bi," alisema mwishowe. "Miaka minne nawapelekea chai."

Kisha akaomba kalamu.

Tulirudi kijijini, naye hakusubiri hata kubadili nguo. Alikwenda kwa Turinih, kisha nyumba kwa nyumba kwa wale aliowakumbuka, na alimkumbuka kila mmoja. Wiki ile wanawake kumi na wanne walikodi pikapu. Waume wao walikuwa uwanjani na majogoo, hakuna aliyeuliza pikapu inakwenda wapi.

Kijiji kilishinda. Siku ya kupokea kibao walisimamisha turubai mbele ya ofisi, wakaleta kinanda na mwimbaji, na mimi nikaitwa kumpaka poda mke wa kuwu. Wasduki alihutubia. Alisema siri ya familia tulivu ni kiongozi anayejua kusikiliza, na kwamba katika kijiji hiki wake hawakimbilii mahakamani kama kuku waliofunguliwa banda. Mkuu wa tarafa alipiga makofi. Mkuu wa tarafa hupiga makofi popote palipo na kipaza sauti.

Wakati wa chakula akaingia mjumbe wa mahakama, mtu mzima mstaarabu mwenye begi. Alikuwa amepita nyumba za waume na hakuwakuta, na sheria inasema asiyekutwa nyumbani, hati yake ya wito hupokelewa ofisi ya kijiji. Alikuwa na hati kumi na tano. Kuwu, mdomo umejaa wali, alianza kusaini mbele ya mgeni wake. Ya mwisho mjumbe hakumpa. Aliuliza kwa upole kama Wasduki bin Tarlim yupo hapa, maana anapenda kumkabidhi mwenyewe.

Wasduki alikwenda nyumbani kabla kinanda hakijanyamaza. Nilimfuata, sifichi, nilitaka kuona. Alimkuta Warniti anaanika vikaki.

"Unanifedhehesha siku kama ya leo?"

"Siku sikuipanga mimi, Kang," alimjibu, kwa jina lile la heshima ambalo wake wa kwetu huwaitia waume.

"Mwanamke, utaishi wapi?"

"Hapahapa. Nyumba ni ya marehemu baba yangu. Wewe ndiye wa kuanza kufunga vitu."

Mahakamani Wasduki alisema nyumbani kwao hakuna ugomvi wowote. Hakimu alimuuliza kama ana mke mwingine. Akasema hakuna ndoa nyingine iliyoandikishwa.

"Sikuuliza kuandikishwa," hakimu akasema.

Wasduki akatazama kofia yake. Ndoa ilivunjwa baada ya miezi miwili, na ya Turinih wiki iliyofuata. Mwaka ule talaka zetu zilifika sabini na nne. Kuwu aliung'oa ubao, akamng'oa na Wasduki, na cheo akampa mpwa wake, ambaye walau ni mvivu kiasi cha kutomzuia mtu.

Turinih alirudi Taiwan, ingawa kifundo hakigeuki vizuri. Warniti ameposwa mara mbili, amekataa mara mbili, na vikaki vyake vinauzwa hadi Cirebon. Wasduki anaishi kwa yule mke wa pili, chumba cha uani, na huko mama mkwe humtuma kuni. Mchana hukaa kibanda cha kahawa akieleza kwamba wanawake wameharibiwa na Taiwan. Wanaomsikiliza ni wale waume kumi na wanne walioachwa.

Juzi nilimwona kwenye harusi niliyokuwa napamba. Hakualikwa. Aliomba asome dua, wakamwambia imeshasomwa, wakampa sahani. Alikula bata wote, akauliza kama kuna mfuko wa kubebea.