Dua ya Puto

Mama alivunjika nyonga, akalala. Kitanda chake kiko Kiranjeranje, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na shamba lake la mikorosho liko nyuma ya kilima, mahali ambapo hatafika tena. Nilimpelekea video ya simu. Akaitazama, akasema mikorosho ile inaweza kuwa ya mtu yeyote. Alitaka kuiona njia ikitoka mlangoni kwake, ikipanda kilima, mpaka shambani. Ubishi wa mama yangu naujua, sikushindana naye; nikaamua kurusha puto lenye kamera lipite juu ya njia hiyo, picha zimfikie kitandani kwenye televisheni.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni Kilwa Masoko. Nilikuwa na transmita ndogo ya kurushia picha, ile ya watu wanaorusha matangazo kwa kujifurahisha tu, iliyotengenezwa ikae mezani na feni pembeni. Ndani ya sanduku la puto ingejiunguza yenyewe, tena kila ukikata umeme inasahau chaneli yake. Nikaifungia maikrokontrola, chipu ya kuiamrisha: ikiwaka, iikumbushe chaneli na kuanza kuhesabu dakika; puto likishapata muda wa kukivuka kilima, iizime kabisa kabla haijaungua. Kazi hiyo ilinichukua wiki na wiki. Mke wangu alisema nimerogwa.

Asubuhi ya kurusha, puto likajazwa gesi kiwanjani mbele ya nyumba, televisheni ikawekwa miguuni pa Mama. Mjomba, kaka yake Mama, akasema hakiruki kitu bila dua. Kwetu dua huombewa kitu kilicho tayari. Mkishaitikia amina ni kuondoka tu, hakuna kugusagusa tena. Basi nikaunganisha betri kabisa, nikalifunga sanduku, nikalikumbatia kifuani, kamera ikiwatazama wanaume waliokusanyika.

Mjomba akaanza. Akawaombea wagonjwa, akawaombea marehemu wa ukoo mmoja mmoja, akahamia kwenye mvua. Mimi nasikia joto la transmita kifuani, hasira zimenipanda, na mzee hakatizwi katikati ya dua. Kisha joto likaanza kupoa. Chipu yangu ilikuwa imetii, imezima. Nikataka kufungua sanduku niwashe upya, lakini amina ilishaitikiwa na Mjomba ameshakata kamba.

Puto likaenda zake, watu wakishangilia. Nikakimbilia ndani. Televisheni ilikuwa nyeusi, na Mama machozi yanamtoka.

"Sisi wanawake hatuendi makaburini," akasema. "Leo nimeyaona maziko yangu. Wanaume wamesimama, viganja juu."

"Mama, ile ilikuwa dua ya puto."

"Kaka yangu nimemwona. Majirani nimewaona." Akanitazama. "Wewe, mwanangu, sikukuona."

Nikamweleza kwamba kamera nilikuwa nimeishika mimi. Nikamweleza tena, polepole. Akageuzia uso ukutani. Shamba hajaliulizia tena.