Mluzi Ndani ya Nyumba

Nakumbuka jioni moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Kaloleni hapa Nairobi ikiuma hadi mifupani, nyumba yetu ilipoanza kupiga mluzi.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Mama mkwe aliinua mkono, tukanyamaza. Ulikuwa mluzi mwembamba, mrefu, ukitokea pale dirishani alipokaa.

"Ni baba yenu," akasema. "Amekuja kunichukua."

Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Enzi zake alifanya kazi ya reli, na kila akirudi jioni alimpigia mkewe mluzi kutoka langoni.

Nisikufiche, nami niliamini. Mume wangu aliziba nyufa za dirisha kwa matambara, akalaza gunia chini ya mlango, tukaingiza jiko la makaa ndani ili tuote moto. Mluzi ukazidi. Kila jioni tuliziba zaidi, na kila jioni marehemu alisogea karibu. Mama akihamia kitandani, mluzi unamfuata huko huko. Akaacha kula. Akanionyesha nguo ya kuzikwa nayo, na mimi nilikuwa nimeshampenda sana yule mama.

Ndipo jirani yetu Mama Njoki, mzee asiyembembeleza mtu, akaja kutujulia hali. Alifungua mlango akakohoa.

"Kwani mnakausha samaki humu?"

Tukamweleza habari za marehemu. Akaketi, akasikiliza, kisha akasema, "Haya, wote shikeni pumzi. Na wewe, mama."

Tukashika. Nyumba ikawa kimya, kimya cha kutisha. Mama mkwe akashindwa, akaachia pumzi. Mluzi ukarudi.

"Ni kifua chako kinalia, dada yangu," akasema Mama Njoki. "Na nyinyi mnamnyonga kwa moshi, halafu mnamsingizia maiti!"

Jiko lilitoka nje jioni ile ile. Kesho yake tukampeleka kliniki, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Aliishi, akawabeba watoto wangu wote mgongoni.

Kwa hiyo, mwanangu, makaa yakae nje hata baridi ikuume vipi. Moshi wa jalala la Dandora ukivuma huku, funga dirisha, ukipita, fungua. Sigara usiiguse. Tembea kila siku, hata kama ni kuzunguka mtaa tu. Pumzi ikikubana, vuta kwa pua, toa polepole kama unayepuliza chai ya moto. Na kifua kikianza kuimba, nenda kliniki mapema, usitafute mchawi.

Mume wangu naye ameshatangulia. Juzi jioni nilisikia mluzi, nikashika pumzi nihakikishe. Haukukatika. Ulitoka langoni, taratibu, wa mtu anayerudi nyumbani. Nilifungua dirisha, nikavuta hewa hadi kifua kikajaa.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu. Na mluzi utakaousikia uzeeni uwe wa mtu uliyempenda, usiwe wa kifua chako.